Paka mzee mwenye thairoidi iliyozidi: jeli ya sikioni au kidonge?

Paka aliyepita miaka kumi, anayemaliza sahani na kudai nyingine huku mbavu zinahesabika, anayelia usiku wa manane na kuzunguka nyumba bila kutulia, watu husema upesi kuwa ana minyoo. Dawa ya minyoo apewe kwa wakati wake, lakini kwa umri huo cha kwanza kushukiwa ni tezi ya thairoidi. Tezi hii ina sehemu mbili, moja kila upande wa koromeo. Ikivimba na kutoa homoni kupita kiasi, mwili mzima huenda mbio: moyo hudunda kasi, nyama za mgongo huisha, manyoya hushikamana, paka hunywa maji na kukojoa zaidi ya desturi yake, na wengine hutapika au kuharisha. Kwa walio wengi uvimbe wenyewe si saratani. Saratani huwapata chini ya 5 katika kila wagonjwa 100.

Ugonjwa huu unatibika. La kuamua ni njia gani utaiweza asubuhi na jioni, mwezi baada ya mwezi, katika nyumba yenye watoto, joto na pengine paka wengine watatu. Msimamo wetu tunauweka mbele: paka anayemeza kidonge bila vita aanze na kidonge. Jeli ya kupaka sikioni ni ya paka anayekikataa, au anayetapika kila akimeza. Na njia yoyote kati ya hizi bila kupima damu ni kubahatisha.

Pima kwanza, na ujue unachopimiwa

Kipimo kinachohitajika ni T4 ya jumla, yaani kiasi cha homoni kuu ya tezi hii kilichomo katika damu. Kiwango cha kawaida cha paka ni takriban 10 hadi 60 nmol/L, ingawa kila maabara ina mipaka yake. Zipo zinazoandika µg/dL, na hapo kawaida ni kama 0.8 hadi 4.7. Ukitaka kulinganisha majibu mawili yenye vipimo tofauti, zidisha µg/dL kwa 12.9 upate nmol/L. Tumia maabara ile ile kila mara. Ikiwa damu itapelekwa maabara ya binadamu, mwambie daktari asome jibu kwa mipaka ya paka, si ile iliyochapishwa pembeni mwa karatasi. Kipimo cha TSH (homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi) cha binadamu hakifai kwa paka, kwa hivyo usikilipie.

Paka aliye kwenye dawa hatoshelezwi na T4 iliyo ndani ya kawaida tu. Lengo ni nusu ya chini ya kiwango hicho, kama 13 hadi 32 nmol/L. Mwenye 55 ataandikiwa kwenye karatasi kuwa yuko sawa, na nyumbani ataendelea kukonda na kupiga kelele usiku.

Pamoja na T4 zipimwe figo (kreatinini, yaani taka ya misuli inayochujwa na figo, urea, na jinsi mkojo ulivyo mzito au mwepesi), ini, hesabu kamili ya chembe za damu, na shinikizo la damu. Figo ndizo zenye uzito zaidi katika uamuzi. Homoni ikizidi, damu hupita kwenye figo kwa wingi, na kwa kuwa paka amepoteza nyama, kreatinini yake hushuka. Hivyo figo zilizochoka huonekana nzima. Homoni ikirudishwa chini, pazia huondoka na ugonjwa wa figo hujitokeza. Wenye paka wengi hudhani dawa ndiyo iliyoharibu figo, wakaiacha, na hilo ni kosa: T4 iliyozidi inaendelea kuziumiza hizo hizo figo na moyo pia. Kinachodhuru figo upande wa pili ni dozi kubwa mno inayoshusha T4 chini ya kawaida. Kreatinini ikipanda huku T4 iko chini sana, daktari hupunguza dozi.

Shinikizo la damu likifika 160 na kuendelea linahitaji matibabu yake lenyewe. Paka mzee anaweza kupofuka ghafla kwa sababu hiyo.

Dawa ni ile ile

Jeli na kidonge hubeba dawa moja, methimazoli, inayozuia tezi kutengeneza homoni mpya. Haipunguzi uvimbe wala haiponyi. Ukiisimamisha, T4 hurudi juu katika siku chache. Vidonge vya karbimazoli vya binadamu, vya miligramu 5, hugeuka kuwa methimazoli mwilini, na miligramu 5 za karbimazoli ni sawa na kama 3 za methimazoli. Kwa hiyo huwezi kubadilisha kimoja kwa kingine kwa kuangalia namba ya pakiti tu. Pia, paka aliyepata madhara makubwa kwa methimazoli hatayaepuka kwa kupewa karbimazoli.

Dozi ya kuanzia ya methimazoli ni miligramu 1.25 hadi 2.5, mara mbili kwa siku, iwe ya kumeza au ya kupaka. Baada ya hapo huongezwa kidogo kidogo kufuatana na T4.

Kidonge huingia kwa tumbo na kipimo chake hakina ubishi. Jeli hupita kwenye ngozi nyembamba ya ndani ya sikio ikisaidiwa na viungo vinavyolegeza tabaka la juu la ngozi. Jeli inayotumika sana huitwa PLO. Dozi yake ya kwanza huingia kidogo sana, na siku zinavyopita ngozi inazidi kuipitisha. Ndiyo maana jeli huchelewa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 uliwapa paka miligramu 2.5 mara mbili kwa siku. Baada ya wiki 2, waliokuwa wamefika T4 ya kawaida ni 14 kati ya 16 waliomeza, na 14 kati ya 25 waliopakwa. Kufikia wiki ya 4 walikuwa 9 kati ya 11 kwa kidonge na 14 kati ya 21 kwa jeli, tofauti ambayo watafiti hawakuihesabu kuwa ya uhakika.

Faida ya jeli ilionekana tumboni. Matatizo ya tumbo yaliwapata 4 kati ya 17 waliomeza, na 1 tu kati ya 27 waliopakwa. Hapo ndipo jeli inaposhinda. Haishindi kwingine. Madhara yanayotisha, yaani chembe nyeupe za damu kushuka, ini kuumia, na paka kujikwaruza uso na shingo mpaka kutoa damu, hayakutofautiana baina ya makundi mawili, kwa sababu yanatoka kwenye dawa yenyewe ikishaingia mwilini. Mtu akikuambia jeli ni salama kwa kuwa haipiti tumboni, amekupa nusu ya habari. Paka anayejikwaruza uso, mwenye ufizi mweupe au macho ya manjano, homa, au aliyeacha kula siku nzima, simamisha dawa na mpigie daktari siku hiyo hiyo.

Kupima na kupaka

Hapa ndipo jeli inapokosewa. Mfamasia huichanganya kwa agizo la daktari, kwa hiyo nguvu yake hutofautiana. Jeli ya miligramu 25 kwa mililita moja hutoa miligramu 2.5 katika ml 0.1. Ile ya miligramu 50 hutoa kiasi hicho katika ml 0.05, ujazo mdogo ambao mkono ukitetemeka kidogo umeshakosea. Omba ile ya 25. Kwa dozi mbili za ml 0.1 kwa siku utatumia ml 6 kwa siku 30, ukiongeza kidogo cha kupotea kwenye ncha ya sirinji. Kila chupa mpya ikifika soma lebo kabla ya kuvuta. Mfamasia akibadilisha 25 ikawa 50 nawe ukaendelea na ml 0.1, umezidisha dozi mara mbili, na dalili itakayofuata ni paka kulala mchana kutwa, kukataa chakula na kreatinini kupanda.

Tumia sirinji ya ml 1 isiyo na sindano. Ile ya insulini yenye alama 100 inafaa ikiwa sindano yake hutoka: alama 10 ni ml 0.1. Nyingi zinazouzwa madukani zina sindano isiyotoka, basi taja hilo unaponunua. Mfamasia akiweza kukujazia sirinji za dozi moja moja, mkubalie.

Vaa glavu, au kinga ya kidole kimoja. Mshike paka mapajani, likunjue sikio nje, futa mabaki ya jana kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu na ukaushe. Usitumie spiriti. Weka jeli upande wa ndani wa sikio pasipo na manyoya, si ndani ya tundu, uisambaze nyembamba kwa kidole chenye glavu kwa sekunde 10 hivi. Asubuhi sikio la kulia, jioni la kushoto, ili kila upande upumzike. Jeli ikiachwa irundikane inakuwa gamba jeupe, dawa haipiti, na mwenye paka hudhani dozi haitoshi kumbe ngozi imezibwa. Sikio likiwa jekundu na la moto, ni viungo vya jeli vinavyochoma. Mfamasia anaweza kubadilisha kibebeo cha dawa, na kama haiwezekani, rudi kwenye kidonge.

Sikio lazima liwe zima. Paka wa Mji wa Kale au Majengo hapa Mombasa anayetoka nje mara nyingi ana utitiri wa masikio au makovu ya kupigana. Mtibu hayo kwanza. Paka mweupe anayeota jua la pwani na ncha za masikio zimekauka au zina vidonda, usimpake hapo hata kidogo. Apelekwe akaangaliwe, kwa kuwa saratani ya ngozi hupenda kuanzia sehemu hiyo.

Kuna watu husaga kidonge na kukichanganya na vaselini au mafuta ya nazi. Hiyo si jeli. Vaselini haipitishi dawa kwenye ngozi, na kinachoingia ni kile paka anachokiramba anapojisafisha, kwa kiasi kisichojulikana.

Kidonge kina ugomvi wake. Methimazoli ni chungu, na vidonge vilivyofunikwa kwa tabaka havifai kusagwa. Kama daktari ameagiza nusu, uliza kwanza kama kidonge chenyewe ni cha kukatwa. Kifiche kwenye kipande kidogo cha nyama au samaki aliyechambuliwa miba, umpe cha kwanza kitupu, cha pili chenye dawa, cha tatu kitupu. Ukilazimika kumwekea mdomoni, fuatisha ml 5 hivi za maji kwa sirinji polepole pembeni mwa mdomo, kwa sababu kidonge kikavu hukwama kwenye umio na kuuchoma. Kagua kochi na nyuma ya kabati: paka mjanja hukiweka shavuni na kukitema akishaondoka.

Saa za dawa si shida hapa kwetu. Baada ya swala ya alfajiri na baada ya magharibi kuna takriban saa 12 hadi 13, na Mombasa iko karibu na ikweta kiasi kwamba nyakati hizo hazihami sana mwaka mzima. Ukisahau dozi, endelea na inayofuata kama kawaida. Usiweke mbili pamoja.

Joto, watoto na mikono ya wengine

Vidonge vinataka pakavu na kivuli tu; unyevu wa pwani ni mwingi, viache kwenye pakiti yake. Jeli ni nyeti zaidi. Haitakiwi friji, kwani PLO ikipoa sana hulegea na kutengana, mafuta upande huu na maji upande ule. Joto nalo linaizeesha, na wakati wa kaskazi vyumba vingi vya Mombasa hupita nyuzi 30 mchana. Iweke kwenye kabati la chumba chenye hewa, mbali na jiko na dirisha, na uagize ya mwezi mmoja kwa wakati. Iliyotengana, yenye chembechembe, iliyobadilika rangi au harufu, au iliyopita tarehe, usiipake. Paka ambaye T4 yake imepanda ghafla kwenye chupa mpya au chupa iliyokaa, chunguza jeli kabla ya kuongeza dozi.

Dawa hii hufanya kazi kwa binadamu pia, na ikishapakwa inakaa juu ya sikio ambalo kila mtu hupenda kulikuna. Mjamzito asiishike kabisa, kwa kuwa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hilo linahusu pia vidonge vilivyokatwa, na mchanga wa choo cha paka, maana dawa hutoka kwenye mkojo. Mwingine asafishe, na avae glavu. Watoto wasimguse kichwa kwa saa moja baada ya kupaka. Paka wengine wanaomlamba masikio watengwe kwa muda huo. Ikiwa dawa itapakwa na dada wa kazi, au bibi atakayebaki naye ukisafiri, mwonyeshe kwa mkono, na usimfiche sababu ya glavu. Katika nyumba yenye mtoto anayetambaa na kulala na paka, kidonge kinachomezwa na kwisha ni chaguo bora, hata kikileta kelele kidogo.

Chakula, upasuaji, iodini ya mionzi

Kipo chakula maalumu chenye iodini kidogo sana, y/d cha Hill's, kilichoingia sokoni mwaka 2011. Tezi ikikosa iodini haitengenezi homoni. Hufanya kazi kwa sharti moja: paka asile kitu kingine chochote. Kwa paka wa Mombasa sharti hilo ni zito kuliko kidonge. Samaki wa bahari ana iodini nyingi, na paka anayepewa kichwa cha changu kwa jirani au anayeiba ng'onda amebatilisha matibabu ya wiki nzima. Kinafaa kwa paka wa ndani kabisa, peke yake, kwenye ghorofa, tena ukiwa na uhakika wa mwagizaji asiyekatiza.

Upasuaji wa kuondoa tezi huponya, lakini paka awe ametulizwa kwanza kwa dawa kwa wiki kadhaa ili moyo uhimili nusukaputi. Hatari kuu ni kuumia kwa tezi ndogo za jirani zinazosimamia kalisi. Kalisi ikishuka siku za mwanzo, paka hutetemeka na kupata degedege. Muulize daktari ni pande ngapi ataondoa na kalisi itapimwa lini.

Iodini ya mionzi, yaani I-131, ndiyo tiba bora kuliko zote: sindano moja huponya takriban paka 95 katika 100, bila nusukaputi ya upasuaji. Nusu ya mionzi yake huisha kila siku 8, kwa hiyo paka hutengwa, na kazi hiyo hufanywa tu mahali penye kibali. Nchini Kenya kibali cha mionzi hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Paka wa miaka 10 mwenye figo nzima, ambaye mwenyewe anaweza kugharamia safari, anastahili kuulizwa habari hii. Hata huyo, mwanzishe kwa dawa kwanza. Figo zikifichuliwa kuwa mbovu, dawa inaweza kupunguzwa. Mionzi na upasuaji havirudishwi nyuma.

Nani achague nini

Anayemeza: kidonge. Anayeuma, anayetoroka akisikia pakiti, au ambaye mwenyewe ni mtu mzima mwenye vidole vya baridi yabisi asiyeweza kumfungua mdomo: jeli. Anayetapika ndani ya mwezi wa kwanza wa kidonge: jeli, baada ya damu kuonyesha ini na chembe ziko salama. Mwenye moyo mbaya unaohitaji T4 ishuke upesi: kidonge, hata kwa wiki chache, kisha jeli. Mwenye masikio mabovu: kidonge. Nyumba yenye mjamzito ambaye ndiye pekee wa kumhudumia paka: atafutwe mtu mwingine kabla ya dawa yoyote kati ya hizi.

Kabla ya kulipia jeli, hakikisha daktari amesajiliwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya, na mfamasia akujibu wazi: kibebeo ni kipi, nguvu ni miligramu ngapi kwa mililita, imechanganywa lini na inaisha lini. Asiyeandika hayo kwenye lebo usinunue kwake. Unapopiga hesabu ya gharama weka na vipimo: T4, figo na chembe za damu wiki 2 hadi 4 baada ya kuanza na baada ya kila badiliko la dozi, tena baada ya miezi 3, halafu kila miezi 4 hadi 6. Bei ya jeli peke yake haikuambii kitu.

Baina ya vipimo, mpime uzito kila wiki. Mizani ya kuning'iniza ya mizigo ya safari inatosha: mtie paka kwenye kapu, pima, kisha toa uzito wa kapu. Kwa paka wa kilo 3, gramu 200 zilizopotea ni sehemu kubwa ya mwili wake na zinatosha kumrudisha kwa daktari kabla ya tarehe. Kupumua kwa mdomo wazi, miguu ya nyuma kulegea ghafla na kuwa baridi, au kugongana na vitu kama haoni, usisubiri asubuhi.

Ukihama kutoka jeli kwenda kidonge au kinyume chake, anza njia mpya saa 12 baada ya dozi ya mwisho ya ile ya zamani, kwa miligramu zile zile isipokuwa daktari amesema vingine, na usizitumie zote mbili kwa pamoja. Osha masikio yaliyokuwa na jeli. T4 ipimwe upya baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa aliyehamia jeli afadhali ngoja 4, maana ya wiki ya 2 inaweza kukuogopesha bure. Jeli iliyobaki irudishe kwa mfamasia, usiiache kabatini.